Mchezo ukija Ngara, joka libaki kwao

Kuna mchezo usiohitaji umeme, bando wala uwanja. Watu wanne au watano wanakaa mezani, au mkekani, mmoja anasimulia na waliobaki kila mmoja anabeba mhusika wake. Msimulizi anaeleza kilichopo: njia, mto, mtu aliyesimama kivukoni. Kisha anauliza: mnafanya nini? Wachezaji wanajibu, na pale ambapo jambo linaweza kufaulu au kugonga mwamba, dadu zinarushwa. Hakuna anayemfunga mwenzake. Baada ya saa mbili wametunga kisa ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekijua walipokuwa wanaketi.

Mchezo huu kwa sura yake ya leo ulizaliwa Marekani. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons kupitia kampuni ndogo iliyokuwa katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000. Walikuwa wamezoea michezo ya vita ya kusogeza vikosi vya wanasesere mezani, na jambo jipya walilolifanya ni kumwacha mchezaji asiongoze jeshi bali mtu mmoja, mwenye jina, woga na tamaa zake. Tangu hapo imetokea michezo mingine mingi ya namna hiyo, na inachezwa dunia nzima.

Naandika leo kwa sababu ya swali ambalo mpenzi yeyote wa mchezo huu hulikuta mapema: mgeni anaanzishwa vipi? Jibu linalotolewa kila mahali ni kwamba tafuta kisa chepesi kilichoandaliwa kwa ajili ya wanaoanza, kiendeshe kama kilivyo, na mgeni atanogewa. Kwa mtu wa Wisconsin sina ugomvi na jibu hilo. Kwa mtu wa Bukiriro nina ugomvi nalo. Kata ile iko wilayani Ngara, mkoani Kagera, pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi, na watu wake wana visa vyao, hofu zao na akili zao za kutatua mambo. Kisa cha kwanza ndicho kinachomfundisha mgeni mchezo huu ni wa nani. Kikianza na joka na kasri la mawe, atajifunza kwamba ni wa watu wengine, na yeye amealikwa kutazama.

Tuanze na kinachosifiwa, maana kinastahili sifa. Mwaka 2014, toleo la tano la Dungeons & Dragons lilipotoka, liliambatana na sanduku la wanaoanza lililouzwa dola 19.99 kule Marekani. Ndani mlikuwa na kijitabu cha kanuni, wahusika waliokwisha kuandaliwa, dadu, na kisa kiitwacho Lost Mine of Phandelver. Kisa kinaanza hivi: wahusika wamekodiwa kusindikiza mkokoteni wa mizigo kwenda mji mdogo, na njiani wanakuta farasi wawili wamekufa katikati ya barabara. Vichakani wamejificha wavamizi.

Mwanzo huo umetungwa na fundi. Hauhitaji maelezo marefu, una kazi, una njia na una hatari. Wala mtu wa Ngara au wa wilaya jirani ya Biharamulo hahitaji kufundishwa hatari ya barabara inayokatiza msituni. Walio na umri wa kutosha wanakumbuka miaka ambayo mabasi ya njia hizi yalikuwa yakikusanywa na kusindikizwa na askari wenye silaha kupita mapori, kwa hofu ya majambazi. Abiria walijua kunyamaza mahali gani, na walijua pesa inafichwa wapi. Kwa hiyo mifupa ya kisa hicho tunayo tayari. Kinachotupotezea mgeni ni nyama iliyowekwa juu ya mifupa: majina yasiyotamkika, viumbe visivyo na habari kwake, fedha za dhahabu, na baa ambayo mtu anaingia na panga kiunoni akaagiza chakula bila kusalimia.

Nimetaja kusalimia kwa makusudi. Mgeni anayeambiwa kwamba yumo katika mji asioujua, wenye desturi asizozijua, hukaa kimya. Wenzake hudhani ni mwoga au hana ubunifu, kumbe hajui tu kinachowezekana. Ukimwambia yuko sokoni, mbele yake yuko mama mwenye mikungu mitatu ya ndizi ambayo jua litaiharibu kabla ya jioni, atajua papo hapo nani ana haraka, bei itashuka saa ngapi, na neno gani likisemwa litavunja biashara. Ujuzi wote anaouhitaji anao. Kanuni za mchezo atazipata akiwa njiani.

Wala si kweli kwamba kuzungumza ndani ya kisa ni jambo geni kwetu. Chukua kitendawili. Mtegaji akisema, wenzake wakishindwa, anadai apewe mji. Anapewa Bukoba au Mwanza au Kigoma. Basi anaupokea, anasafiri, anasimulia alivyopokewa huko na alichokula, na wote wanakubali kwamba amefika, ingawa hajainuka hata hapo alipoketi. Mtoto wa miaka saba anaufanya mchezo huo bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba katika mchezo wa masimulizi mji haupewi mmoja tu. Wanaupata wote, na kila mmoja anaamua afanye nini akishafika.

Adui ni nani?

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu, na ndipo wapenzi wengi wa mchezo wanapopapita haraka. Kila kisa kina upande unaopinga. Katika visa vya wanaoanza, upande huo huchaguliwa kwa mazoea, na mazoea hayo hayakutokea Kagera.

La kwanza ni ngome. Mwaka 1979, Gygax aliandika kisa kiitwacho The Keep on the Borderlands. Kiliingizwa katika sanduku la wanaoanza, na maelfu kwa maelfu ya watu walijifunzia mchezo humo. Ramani yake ni rahisi: kuna ngome mpakani mwa ustaarabu, na nje yake kuna pori lenye mapango. Mapangoni wamo viumbe wa makabila mbalimbali, pamoja na wanawake na watoto wao. Wahusika wanatoka ngomeni, wanaenda kuwaua, wanachukua mali, wanarudi ngomeni kulala.

Sasa mpe kisa hicho mtu wa Biharamulo. Mjini kwao pana boma lililojengwa na Wajerumani walipokuwa wakiitawala nchi hii, na kuta zake zipo mpaka leo. Babu zake hawakuwa wakitazama pori kutoka ndani ya boma. Walikuwa nje, vilimani na mashambani, wakilitazama boma. Mchezaji wa Wisconsin akisoma habari za ngome ya mpakani, moja kwa moja anajiona ndani. Mchezaji wa Biharamulo ana haki ya kuuliza: na hawa wa mapangoni, nani amewauliza upande wao? Akiuliza hivyo katika saa ya kwanza ya mchezo, msimulizi aliyekuja na kijitabu chake hana jibu, kwa kuwa kijitabu hakikumtarajia mtu wa namna hiyo. Kumbe swali hilo lingeweza kuwa kisa kizuri kuliko kile kilichochapwa.

La pili ni mchawi. Visa vingi vya wanaoanza vina bibi kizee anayeishi peke yake ukingoni mwa kijiji, mwenye macho ya kutisha na chungu kinachochemka. Ulaya hiyo sasa ni hadithi ya kulazia watoto. Kanda ya Ziwa si hadithi. Tumezika bibi zetu waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ulitokana na kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka 50. Tumewazika pia watu wenye ualbino waliouawa kwa imani za utajiri. Msimulizi anayewaweka vijana mezani na kuwapa bibi mchawi wa kuwindwa hachezi tena. Anarudia somo ambalo serikali, mashirika na viongozi wa dini wanahangaika kulifuta. Sisemi uchawi usitajwe kamwe. Nasema katika kisa cha kwanza, mbele ya mtu ambaye bado hajatofautisha mchezo na mafunzo, bibi huyo asiwe adui. Akiwemo, basi awe ndiye anayezijua njia za mto kuliko wote.

La tatu ni mpaka wenyewe. Ngara haihitaji kubuniwa visa vya watu wanaokimbia. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban saa 24, na Benaco, hapohapo Ngara, ikageuka mji wa mahema uliokuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya mkoa. Warundi nao waliishi katika kambi ya Lukole hadi miaka ya 2000. Wenyeji waliona mito ikibeba miili. Waliuza na kununua na wakimbizi, wakaoana nao, wakagombana nao juu ya kuni. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule leo ni mtu wa makamo, na anaweza kuwa ndiye aliyeketi upande wa pili wa meza yako.

Kwa jambo hili wachezaji wa nje wametutangulia kwa busara moja ambayo ningeichukua bila kusita. Kabla ya kisa kuanza, kunafanyika mazungumzo mafupi: mambo gani hatutaki yatokee mezani petu? Halafu inawekwa kadi yenye alama ya X, mbinu iliyoenezwa na Mmarekani John Stavropoulos. Yeyote akiona kisa kimegusa asipopataka, anaigusa kadi, na msimulizi anabadilisha njia. Haulizwi kwa nini. Hapa kwetu, ambako mtu mzima hawezi kirahisi kuwaambia vijana kwamba jambo fulani linamuumiza, kadi isiyodai maelezo ina kazi kubwa kuliko ilikobuniwa.

Majembe ya mahari

Baada ya kukosoa, ni haki niweke changu mezani. Hiki ni kisa cha saa mbili, cha watu watatu au wanne, na ruhusa ya kukibadilisha unayo.

Ni zamani, kabla ya boma. Maeneo haya yote ya kusini magharibi mwa ziwa yalikuwa na wahunzi. Warongo wa upande wa Biharamulo na Geita walijulikana kwa kuyeyusha chuma, na jembe la chuma lilikuwa zaidi ya kifaa cha kulimia. Lilikuwa mali, na lilitumika katika mahari. Katika kisa chetu, kijana wa kijiji cha mlimani anaoa ng'ambo ya mto Ruvuvu. Majembe sita yalifungwa vizuri, akapewa mpwa wa bwana harusi ayapeleke ukweni. Jioni mpwa anarudi mikono mitupu. Anasema mtumbwi ulitikiswa na kiboko, mzigo ukazama. Keshokutwa asubuhi wakwe wanangoja. Wachezaji ni watu wa kijiji waliotumwa na wazee kwenda kunusuru jambo kabla ya jua la pili kuchomoza.

Mchezaji anachagua mmoja kati ya wanne: mwanafunzi wa mhunzi, anayeijua alama ya kila jembe, mganga wa mitishamba, anayejulikana pande zote mbili za mto, mfugaji mwenye mbio na ng'ombe mmoja wa kukopeshana, na shangazi wa bwana harusi, ambaye hana silaha lakini ana ulimi.

Ukweli, ambao msimulizi anaujua na wachezaji hawaujui, ni kwamba majembe hayakuzama. Mpwa aliyaweka rehani kwa mwenye ghala la mtama upande wa pili, kwa kuwa nyumbani kwake watoto walikuwa na siku kadhaa bila chakula, naye aliona haya kuomba. Hakuna mwovu. Kuna njaa, kuna aibu, kuna mkataba, kuna muda unaokwisha. Sehemu ni tatu tu: kivukoni, ghalani na ukweni. Wachezaji wanaweza kuyakomboa majembe, kumbembeleza mwenye ghala, kuzungumza na wakwe waahirishe, au kufanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Hilo la nne ndilo ninalolitarajia zaidi.

Tuone linavyokwenda. Tuseme mezani yupo mama anayeuza ndizi, kijana wa bodaboda na binti wa kidato cha pili. Mama amechukua shangazi, na hii ni mara yake ya kwanza.

Msimulizi: "Mmefika kivukoni. Mzee mwenye mtumbwi amekaa juu ya gogo anasokota kamba. Ndani ya mtumbwi kuna mikwaruzo mipya, kama imekwaruzwa na chuma. Anawatazama, anaendelea na kamba yake."

Kijana wa bodaboda: "Namwambia aseme ukweli, majembe yako wapi?"

Mama: "Ngoja kwanza, mwanangu. Mtu mzima haulizwi hivyo." Kisha, kwa msimulizi: "Sasa mimi hapa nifanye nini?"

"Ungekuwa wewe, mama, ungefanyaje?"

"Mimi ningekaa. Ningemwamkia, nimuulize za nyumbani, nimsaidie kushika ncha ya kamba. Habari ya majembe nisingeitaja kabisa."

"Basi kaa. Umeshika kamba. Anakuuliza mnatoka wapi."

"Namjibu tunatoka mlimani, tuna harusi. Halafu namuuliza, mzee, jana mto ulikuwaje?"

Hapo msimulizi anamwambia arushe dadu mbili. Inatoka tano na tatu. Jumla ni nane: amefaulu, ila kuna gharama. Mzee anacheka kidogo, anasema jana mto ulikuwa shwari kama maji ya mtungini, hapakuwa na kiboko. Lakini hatawavusha mpaka shangazi aahidi kumfikishia salamu binti yake aliyeolewa ng'ambo, ambaye hajamtembelea tangu mvua za mwaka jana. Binti wa kidato cha pili anauliza upesi: "Huyo binti yake ameolewa kwa nani?" Na msimulizi, ambaye alikuwa hajui mpaka sekunde ile, anajibu: "Kwa mwenye ghala."

Tazama kilichotokea. Mama hajasoma ukurasa hata mmoja wa kanuni. Amelifungua fumbo kwa adabu aliyoizoea sokoni kila siku, na kijana mwenye haraka amejifunza kwa mwenzake wala si kwa kitabu. Binti ameongeza swali lililobadilisha kisa. Msimulizi amefanya kazi mbili tu: ameuliza, na amekubali kujibiwa. Katika kisa cha joka mama yule angeulizwa kama anatumia upanga au uchawi, angetabasamu kwa aibu, na baada ya nusu saa angekumbuka kwamba ameacha maharage jikoni.

Vifaa na kanuni

Dadu za pembe 20 ni nzuri kuzitazama, lakini kuzisubiri zifike Ngara ni kujichelewesha. Dadu mbili za ludo zinatosha. Utaratibu nilioutumia hapo juu unatokana na mchezo wa Apocalypse World, wa Vincent Baker na Meguey Baker, uliotoka mwaka 2010. Jumla ya 10 au zaidi, umefaulu. Kuanzia 7 hadi 9, umefaulu lakini unalipia kitu. Kuanzia 6 kushuka, mambo yanaharibika na msimulizi anaamua kwa namna gani.

Anayependa hesabu ataona uzuri wake. Dadu mbili zina michanganyiko 36. Sita ni ya kufaulu kabisa, 15 ni ya kufaulu kwa gharama, 15 ni ya kuharibikiwa. Mpe mchezaji nyongeza ya 1 kwa jambo ambalo mhusika wake analimudu, kama shangazi na maneno au mfugaji na mbio, na hesabu inakuwa 10, 16 na 10. Mwalimu wa hisabati anayehangaika kufundisha uwezekano kwa mipira ya rangi ndani ya mfuko ana somo zima hapo, na wanafunzi watalidai wao wenyewe.

Zaidi ya dadu, unahitaji karatasi moja kwa kila mchezaji: jina la mhusika, anachokimudu, anachokiogopa, na mtu mmoja wa kijijini anayemdai au anayedaiwa naye. Hilo la mwisho usiliruke. Mhusika asiye na deni wala ndugu ni mpita njia, na mpita njia hana sababu ya kuhangaika na majembe ya wenzake.

Pingamizi

Nalisikia la kwanza kabla halijasemwa: dadu ni kamari. Wasiwasi huo ni wa haki katika nchi ambayo vijana wanamalizia posho zao kwenye mikeka ya kubashiri mpira na mashine za kutumbukiza sarafu. Lakini kamari ni pale panapowekwa mali na mmoja akaondoka nayo. Hapa hapana dau na hapana mshindi. Dadu inaamua mto umechafuka au la. Mwenye shaka akae mezani dakika kumi aone.

La pili ni la dini. Miaka ya 1980, Marekani kwenyewe, mchezo huu ulishutumiwa kuwa mlango wa ushetani. Mama mmoja, Patricia Pulling, ambaye mwanawe alijiua mwaka 1982, aliamini mchezo ndio uliomponza, na mwaka uliofuata alianzisha chama cha kuupinga. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Uchunguzi uliofanywa baadaye haukuthibitisha kwamba mchezo ulisababisha vifo. Ngara ni mahali pa makanisa yenye nguvu, Wakatoliki wana jimbo lao la Rulenge-Ngara na Waanglikana wana makao yao Murgwanza. Kucheza kwa kujificha ndiyo njia ya uhakika ya kuzua maneno. Mwalikeni katekista au mwalimu wa shule ya Jumapili. Mpeni mhusika wa mkwe. Nina hakika mazungumzo ya mahari yatamkolea kuliko mtu yeyote.

La tatu ndilo zito: mchezo umeandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na kwa muda mrefu ilikuwa sababu ya kutosha ya kukata tamaa. Lakini mwaka 2023 kulitokea jambo ambalo Waswahili hatujalitumia. Wizards of the Coast, kampuni inayomiliki Dungeons & Dragons, ilijaribu kubana leseni iliyokuwa ikiwaruhusu watu wengine kutumia kanuni zake. Wachezaji walikuja juu, na mwishoni mwa Januari kampuni ikarudi nyuma, tena hatua nyingi: iliweka hati ya kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuitafsiri, kuichapa, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi ataje ilikotoka. Mwaka huohuo hati hiyo ilitoka kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kwa Kiswahili haimkatazi mtu. Vyuo vyetu vinavyofundisha tafsiri vina wanafunzi wanaotafuta kazi ya kupimia uwezo wao. Hii hapa.

Hata hivyo, sitaki tafsiri ya kanuni itangulie visa vyetu. Tukianza na kitabu kikubwa cha kanuni, tutapata wataalamu wachache wa kanuni na wachezaji hakuna.

Nchi hii, kwa kweli, imekwisha kupita karibu na njia hii. Mwaka 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikaa Malya, mkoani Mwanza, wakishirikiana na wanakijiji kuandaa maigizo juu ya matatizo ya kijiji chenyewe. Wanakijiji hawakuwa watazamaji. Walichunguza, waliigiza, walijadili. Mwaka 1996 ukaja mradi wa Tuseme, uliowapa wasichana wa sekondari jukwaa la kuyasema yanayowakwamisha shuleni kwa njia ya sanaa. Hapa Ngara, Radio Kwizera iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi imewazoesha watu kukusanyika na kufuata masimulizi kwa masikio tu. Wote hao walijua jambo ambalo sanduku la Marekani haliwezi kulijua: mtu hufunguka upesi akipewa mhusika anayefanana na jirani yake, na tatizo ambalo kesho anaweza kukutana nalo.

Mchezo wa masimulizi unapungukiwa na vitu ambavyo jukwaa linavyo. Hauna hadhira, ngoma wala vazi. Lakini una kimoja ambacho jukwaa halina: hakuna anayejua mwisho. Katika igizo la Malya au la Tuseme, mazungumzo makali huja onyesho likiisha. Huku mezani, shangazi akiamua sasa hivi kumsamehe mpwa mbele ya wazee badala ya kumfichua, kisa kizima kinageuka palepale, na waliobaki lazima waishi na uamuzi wake. Kijana anayepata nafasi ya kufanya uamuzi wa namna hiyo, na kuona matokeo yake bila mtu kuumia, anapata kitu ambacho mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya manne haumpi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Wewe uliyewahi kuucheza, iwe chuoni, mjini au ughaibuni, ukirudi nyumbani likizo acha kitabu sandukuni. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu kata yenu: shida moja, sehemu tatu, watu wanne wenye sababu za kufanya wanachofanya, bila mwovu wa kuuawa. Tafuta watu watatu, na angalau mmoja awe amekuzidi umri. Uliza kabla ni mambo gani yasiguswe. Chezeni saa mbili, msizidishe.

Halafu usipime mafanikio kwa vicheko vya usiku ule. Yapime wiki inayofuata. Mgeni akikuomba umsimulie kisa kingine, umempatia burudani, nalo si haba. Akikuambia ana kisa chake, kile cha ugomvi wa mpaka wa shamba wa miaka ile ambao mpaka leo hakuna anayejua nani alihamisha jiwe, mpishe kwenye kiti cha msimulizi, chukua karatasi, uandike jina la mhusika wako.